Mazungumzo ya Nyumbani: Kiti cha Mama Barazani

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo ambalo wengi hulisifu kwa kinywa na wachache hulifuata kwa kazi, nalo ni kuwafundisha wanawake uongozi, ili wapate kuingia katika mashauri ya kijiji chao. Twajua wako waume watakaolikunja gazeti hapa. Twawasihi wasilikunje bado, maana habari hii ni ya mashamba yao na ya watoto wao.

Katika Tanzania Bara sheria ilikwisha kusema zamani. Sheria ya serikali za wilaya, iliyotungwa mwaka 1982 na kurekebishwa baadaye, yataka halmashauri ya kijiji iwe na watu 15 hata 25, na wanawake wasipungue robo yao. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, yasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Na kikao si halali mpaka wafike wajumbe 4, wakiwamo wanawake 2. Baraza hilo halihukumu, bali husuluhisha wagombanao juu ya shamba au mpaka.

Basi viti vipo. Lakini kiti ni mti tu. Tuseme mwanamke amefiwa na mumewe, na kabla matanga hayajaanuliwa shemeji zake wanafika na kamba wakipima shamba. Sheria ile ile ya mwaka 1999 yasema kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na kwamba mila yo yote inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Ni nani atakayelisema neno hili barazani siku ile? Ikiwa wale wanawake 3 hawakupata kufundishwa hata siku moja, watakaa kimya, watatia sahihi au dole gumba, na mjane atatoka shambani kwa karatasi iliyopata akidi kwa ajili yao. Hapo majina yao yametumika kumdhuru mwanamke mwenzao, nao wasijue. Kwetu sisi jambo hili ni baya kuliko kutokuwa na kiti kabisa.

Wako wanaosema, mafunzo yatatoka wapi, nasi hatuna fedha wala wageni wa kutufundisha? Twajibu kwamba shule yenyewe imo kijijini, na wengi hawakuitambua kuwa ni shule. Ni lile sanduku la kuweka na kukopa. Mtindo wake ulianza kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, ukaenea mpaka huku kwetu kwa majina mengi, kama vile VICOBA. Tazameni jinsi ulivyo. Sanduku lina kufuli 3, na funguo zake huwekwa na wanachama 3 mbalimbali, hata asiweze mmoja kulifungua peke yake. Fedha huhesabiwa mbele ya watu wote kwa sauti. Katiba wameitunga wenyewe, na achelewaye hutozwa faini, hata akiwa mwenyekiti. Na katika vikundi vingi wasiojua kusoma hukariri jumla ya fedha wakati sanduku linapofungwa, na kikao kinachofuata huitamka kabla halijafunguliwa. Katibu akikosea kuandika, au akitaka kukosea, kumbukumbu ya akina mama humsahihisha.

Mwanamke aliyefanya hivyo mwaka mzima amekwisha kujifunza kusimama mbele ya watu, kumwuliza mkubwa hesabu pasipo matusi, kushindwa kwa kura pasipo kununa, na kutunza siri ya mwenzake aliyeshindwa kulipa. Je, mjumbe wa halmashauri atakiwa nini zaidi ya hayo? Imebaki kumpa sheria na kumwonyesha muhtasari wa mkutano, ajue kwamba halmashauri haina ruhusa ya kugawa ardhi ya kijiji pasipo kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Neno hili moja, likijulikana na wanawake 10 tu katika kijiji, laweza kuokoa malisho na kisima.

Si jambo geni katika nchi zetu. Huko Kabete, Kenya, shule ya Jeanes ilifunguliwa mwaka 1925 kuwafundisha waalimu, na wake zao nao wakafundishwa pamoja nao. Lakini mafundisho ya wake yalikuwa zaidi ya usafi, mapishi, kushona na kulea. Yalikuwa mema, ila yaliishia mlangoni pa nyumba. Miaka mingi baadaye, mwaka 1977, Bibi Wangari Maathai alianzisha kazi ya kupanda miti, akaanza na wanawake wa mashamba waliotembea mbali kutafuta kuni na maji. Waliotesha miche wenyewe, wakalipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika. Ndipo zikafuata semina ambazo watu waliulizwa matatizo yao ni nini na asili yake ni nini, na wengi wakatambua kwamba mengine yatokana na serikali na mengine yatokana na wao wenyewe kukaa kimya. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti ilikuwa imepita milioni 30. Walioanza kwa mche walikuwa wamefika kwenye uwanja wa umma, wakitetea misitu.

Na ng'ambo ya bahari, India ilirekebisha katiba yake mwaka 1992 ili theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji viwe vya wanawake. Wataalamu walipochunguza vijiji vya West Bengal na Rajasthan, katika habari waliyoichapisha mwaka 2004, waliona kwamba mahali mwanamke alipoongoza baraza, fedha zaidi ilitumika kwa maji ya kunywa. Hatushangai. Achotaye maji ndiye ajuaye umbali wa kisima.

Sasa yale yanayozuia. La kwanza ni saa ya mkutano. Wakiitwa saa kumi alasiri, mama yu kisimani au jikoni. Atakuja mambo yamekwisha, kisha ataambiwa kwamba wanawake hawapendi mikutano. La pili ni chai. Vikao viko ambavyo neno zito likifika, mjumbe mwanamke hutumwa kutazama birika! Waume wapendwa, chai na ipikwe na asiye mjumbe, au kikao kiende bila chai.

Neno letu la mwisho ni kwa waalimu. Uchaguzi wa serikali za vijiji wa Tanzania Bara ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na muhula wake ni wa miaka 5. Muda wa kujifunza si mrefu, wala si mfupi. Wafungulieni akina mama chumba kimoja cha darasa siku ya Jumamosi, saa mbili tu. Anzeni na muhtasari wa mkutano mkuu uliopita, wasome kwa zamu, kisha wahesabu mapato na matumizi ubaoni. Asiyejua kusoma naye aje, apewe kazi ya kukariri jumla.