Kabla ya kulipa garanti ya malewa

Dada mmoja wa hapa Kinkondja alipokea zamu yake ya likelemba, akaenda kukodi nafasi ya malewa karibu na teatre ya Lubumbashi. Siku za mchezo watu walijaa. Siku zingine bukari ililala katika sufuria. Alipotoka, garanti haikurudi: hakukuwa na karatasi.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita miezi 3. Nafasi ya biashara haimo. Huko, nguvu yako ni mkataba.

Basi, kahesabu wateja Jumatatu pia. Andikeni kodi, muda, na siku ya kurudisha garanti. Hujui kusoma? Nenda na mtoto wako wa shule.