Imani Isiyoogopa Tanbihi

Fungua Injili ya Marko sura ya 16 katika baadhi ya tafsiri za Kiswahili za siku hizi. Utakuta aya ya 9 hadi ya 20 zimewekwa kwenye mabano, na pembeni au chini pana maelezo kwamba baadhi ya nakala za kale hazina sehemu hiyo. Waumini wengi hukutana na mabano hayo wakiwa peke yao. Hawakuelezwa katika mafundisho ya kipaimara wala darasa la ubatizo. Wengine huisikia habari hii kwa mara ya kwanza kwenye mhadhara wa hadhara, kutoka kwa mhadhiri Mwislamu anayeitumia kuthibitisha kwamba Biblia imechezewa. Vijana huikuta kwenye simu zao usiku wa manane. Wakienda kumuuliza mchungaji, mara nyingi huambiwa kwamba mwenye imani haulizi maswali ya namna hiyo.

Tumeandaa toleo hili kwa sababu tunaona jibu hilo linawadhuru watu wa Mungu. Msimamo wa jarida hili ni kwamba Maandiko Matakatifu yanaaminika. Tunasema pia kwamba sababu mojawapo kubwa ya kuyaamini ndiyo hiyohiyo tunayoificha: historia ya kuandikwa na kunakiliwa kwake iko wazi, na kila atakaye anaweza kuichunguza, rafiki na mpinzani.

Lakini swali la kuaminika kwa Maandiko hatuna budi kulitenganisha, kwa kuwa ndani yake mna maswali matatu ambayo mabishano ya uwanjani huyavuruga. La kwanza: je, tulicho nacho mkononi ndicho walichoandika manabii na mitume? La pili: je, walichoandika kinahusu mambo yaliyotokea kweli? La tatu: je, ni Mungu anayesema nasi humo? Kila swali lina ushahidi wake, na jibu la moja haliwezi kukopeshwa kwa jingine.

Tuanze na la kwanza. Nakala za Agano Jipya za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, nzima na vipande, ni zaidi ya 5,000. Nyingi ni za zama za kati, lakini zipo za kale sana. Maktaba ya John Rylands huko Manchester ina kipande cha funjo kilichotoka Misri, kidogo kuliko kiganja, chenye maneno ya Yohana sura ya 18. Kwa muda mrefu wasomi wengi wamekiweka katika karne ya 2, ingawa wapo wanaokisogeza mbele kidogo. Nyaraka za Paulo zimo katika mafunjo ya mwaka 200 hivi, ambayo leo yamegawanyika kati ya Dublin na Michigan. Kodeksi ya Sinai na ile ya Vatikano, zote za karne ya 4, zinatupa karibu Agano Jipya lote.

Nakala hizi hazilingani neno kwa neno. Mwaka 1707 John Mill wa Oxford alichapisha Agano Jipya la Kigiriki baada ya kazi ya miaka 30, akaonyesha tofauti zipatazo 30,000 katika nakala zipatazo mia alizolinganisha. Watu walishtuka, wengine walisema amewapa silaha maadui wa imani. Huko Ujerumani, Johann Albrecht Bengel, aliyefadhaishwa na tofauti hizo tangu akiwa mwanafunzi, hakuzikimbia. Alizisoma moja moja, na alipochapisha matokeo yake mwaka 1734 alisema wazi kwamba hakuna fundisho la imani lililoangushwa nazo. Leo tofauti zinazojulikana ni mamia ya maelfu, kwa sababu nakala zinazojulikana zimeongezeka. Sehemu kubwa ni za tahajia, mpangilio wa maneno, au neno lililorukwa na mwandishi aliyechoka.

Hapa ndipo tunamwomba msomaji atulie. Kama tungekuwa na nakala moja tu, tusingekuwa na tofauti hata moja, na tusingekuwa na njia yoyote ya kujua kama nakala hiyo imeharibiwa. Tofauti zinaonekana kwa sababu mashahidi ni wengi. Maandiko haya yalinakiliwa Misri, Shamu, Roma na Uhabeshi, yakatafsiriwa Kilatini, Kisiria, Kikopti na Ki-Ge'ez. Injili za Garima, zilizohifadhiwa katika monasteri karibu na Adwa huko Uhabeshi, zimepimwa kwa kaboni na kuonekana ni za kati ya karne ya 4 na ya 7. Katika karne za mwanzo hakukuwa na askofu wala mfalme aliyekuwa na mkono mrefu wa kuzikusanya zote, azibadilishe kwa namna moja, kisha azirudishe zilikotoka bila kuacha alama. Mwandishi mmoja alipoongeza neno, wenzake wa mbali waliendelea kunakili bila neno hilo, na ndiyo maana nyongeza inagundulika.

Tutaje sehemu nzito bila kuzizunguka. Aya 12 za mwisho wa Marko hazimo katika Kodeksi ya Sinai wala ya Vatikano. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, mwanzoni mwa Yohana sura ya 8, hakimo katika nakala za kale zaidi za Injili hiyo, na kuna nakala za baadaye zilizokiweka ndani ya Luka. Maneno ya 1 Yohana 5 yanayotaja mashahidi watatu mbinguni hayamo katika nakala zozote za kale za Kigiriki. Msomi Erasmus hakuyaweka katika chapa yake ya Agano Jipya la Kigiriki ya mwaka 1516, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kubanwa. Mkristo anayesikia hayo asidhani Utatu Mtakatifu umeporomoka. Mababa waliokiri imani hiyo Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381 hawakuyategemea maneno hayo katika hoja zao. Walijenga juu ya ushuhuda wa Maandiko yote.

Na kwa kuwa tumeitaja Nikea, tuondoe uvumi mmoja. Mtaguso ule haukuchagua vitabu vya Biblia. Ulijadili nafsi ya Mwana. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua tunaikuta katika barua ya Pasaka ya Athanasio wa Aleksandria ya mwaka 367. Hata hapo alikuwa akitaja vitabu ambavyo vingi vyake vilikuwa vikisomwa makanisani kwa vizazi kadhaa.

Kuhusu Agano la Kale, ugunduzi wa mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, ulianza miaka ya 1946 na 1947. Kabla yake, nakala kamili ya zamani zaidi ya Biblia ya Kiebrania ilikuwa ya mwaka 1008 hivi. Gombo la Isaya lililotoka Qumran, lenye sura zote 66, lina umri unaoitangulia nakala hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Vilipolinganishwa, Isaya alikuwa yuleyule: tofauti nyingi ni za tahajia, na chache zina uzito. Lakini mapango hayohayo yalitoa vipande vya Yeremia vinavyofuata maandishi mafupi kuliko yale tuliyozoea, yanayokaribiana na tafsiri ya kale ya Kigiriki. Anayetaja Isaya peke yake na kumficha Yeremia hajasema ukweli wote. Yeremia anatufundisha kwamba Mungu aliruhusu neno lake lipite katika mikono ya waandishi, wahariri na wanakili. Wakati nabii yuko hai, mwandishi wake Baruku aliandika gombo, mfalme akalichoma, likaandikwa tena na maneno mengine yakaongezwa. Kitabu chenyewe kinasimulia hayo katika sura ya 36.

Swali la pili ni la historia. Mwaka 1961 lilipatikana Kaisaria jiwe lenye jina la Pontio Pilato. Mwandiko uliogunduliwa Delphi unamweka Galio katika uliwali wa Akaya karibu mwaka 51, na hivyo kutupa tarehe ya kushika tunaposoma Matendo 18. Birika la Bethzatha lenye matao matano, ambalo Yohana analitaja katika sura ya 5, limechimbuliwa Yerusalemu. Wakati huohuo, hesabu ya watu ya Kirenio katika Luka 2 bado inawasumbua wanahistoria, kwa kuwa sensa yake inayojulikana ni ya mwaka 6 baada ya Kristo, na Herode alikuwa amekwisha kufa miaka kadhaa kabla. Yapo majibu yanayopendekezwa, lakini hakuna lililokubaliwa na wote. Ni afadhali kusema hivyo kuliko kubuni jibu la kushangiliwa.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu lina uzito kuliko mawe. Karibu mwaka 170 Tatiano aliziunganisha Injili nne kuwa simulizi moja isiyo na migongano, na kitabu chake kikapendwa sana Shamu. Kanisa lingeweza kuifuata njia hiyo. Lilichagua kubaki na mashahidi wanne wasiosema kwa sauti moja. Lilibaki pia na habari za Petro kumkana Bwana, za wanafunzi kukimbia, na za wanawake kufika kaburini kabla ya mitume, katika jamii iliyoudharau ushahidi wa mwanamke. Watu wanaotunga kitabu ili wajitukuze hawaachi habari kama hizo.

Swali la tatu halimalizwi na mafunjo. Nakala 5,000 zinaweza kuthibitisha kwamba Paulo aliandika juu ya ufufuko. Haziwezi kuthibitisha kwamba Yesu alifufuka. Tukimwambia kijana kwamba wingi wa nakala umemaliza hoja, tunamdanganya, na siku moja atagundua. Tunachoweza kumwonyesha ni kwamba Paulo, akiwaandikia Wakorintho miaka ishirini na kitu baada ya msalaba, aliwataja walioona, akasema wengi wao wangali hai. Yaani alikubali kuulizwa. Kuanzia hapo mtu anasimama mbele ya ushuhuda na kuamua kama atamwamini anayeshuhudiwa. Uamuzi huo ni imani, na imani hii ina mahali pa kukanyaga.

Makala zilizomo humu zinafuata mpangilio wa maswali hayo matatu: kazi ya wanakili na nakala zao, historia na akiolojia, kisha mamlaka ya Neno katika maisha ya kanisa. Tumeongeza mwongozo wa vikundi vya Biblia, ili tanbihi zisomwe kwa sauti na kujadiliwa.

Ombi letu kwa wachungaji, makatekista na wainjilisti ni hili: wafundisheni waumini mabano ya Marko 16 kabla hawajafundishwa na mtu mwingine. Mjibuni mhadhiri Mwislamu kwa heshima, kama jirani aliyeuliza swali halali. Pale msipojua, semeni hamjui, kisha mkasome. Muumini aliyeelezwa ukweli wote na mchungaji wake hatatikiswa akiusikia uwanjani, na atakuwa na sababu ya kumwamini mchungaji huyo anapomwambia kwamba Kristo yu hai.