Bi Arusi, Kabla ya Kupamba Gari, Ulizia Breki



Leo naomba tuweke kando kidogo hina, singo na magauni. Nataka tuzungumze pedi. Usicheke, wala usijifunike uso na mtandio, kwani sizisemi zile unazozijua. Nasema pedi za breki, vile vipande viwili vinavyokaa ndani ya tairi la gari na kukusimamisha unapokanyaga breki.

Maoni yangu nayatoa mapema ili tusizungukane. Mwanamke yeyote anayeshika usukani anapaswa kujua pedi zake zinaisha vipi na zinabadilishwa vipi. Na somo anayemfunda bi arusi anayeingia kwenye nyumba yenye gari, aongeze somo hilo katika mafunzo yake. Tunamfundisha mtoto wetu kufukiza udi, kupanga kitanda na kuzungumza na mawifi. Kisha tunampa ufunguo wa gari na kumwambia, "Haya, Mwenyezi Mungu akulinde." Dua hiyo ni nzuri sana, lakini yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake alijibiwa kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Kamba ya ngamia wetu wa leo ni breki.

Kwetu tambarare, huku milima

Wengi mnaonisoma mko kisiwani. Unguja barabara zake nyingi ni za tambarare, na mtu anaweza kwenda Paje na kurudi bila kukutana na mteremko wa kumtisha. Mimi ndoa imenileta Butimba, Mwanza, na huku mambo ni mengine. Mji umekaa juu ya miamba na vilima. Ukitoka Butimba kwenda mjini kwa njia ya Mkuyuni, una bodaboda kulia, bajaji kushoto, daladala mbele inayosimama bila taarifa, na njia za mitaani zinazopanda majabali na kushuka tena. Mguu hauishi kurudi kwenye breki.

Halafu zije arusi. Msafara wa magari, honi juu, mpiga video ametoa nusu ya mwili dirishani, na gari ndogo imebeba wanawake watano, watoto wawili na masufuria ya pilau nyuma. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, msafara wa kwenda kumchukua bi arusi Sengerema au Geita hausubiri tena kivuko. Ni kilomita tatu hivi juu ya maji, na madereva wanakanyaga mafuta. Alhamdulillah kwa daraja. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima inaongezeka mara nne. Gari inayosimama vizuri kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ukiifikisha 80 inahitaji umbali wa mara nne hivi tangu unapokanyaga mpaka isimame. Uzito wa abiria na masufuria nao unazipa breki kazi zaidi.

Kilichomo ndani ya tairi

Jambo lenyewe si gumu. Shika sahani kwa vidole viwili, mwenzako aizungushe, kisha uibane mpaka isimame. Sahani ndiyo diski, inayozunguka pamoja na tairi. Vidole ndivyo pedi. Unapokanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, na kifaa kinachoitwa kalipa kinazibana pedi kwenye diski. Kila unapobana, pedi inalika kidogo, kama kisigino cha kiatu.

Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi wa ile sehemu inayolika. Ikifika milimita 3, ni wakati wa kubadilisha. Ukiendelea, utafika kwenye bati la nyuma, na hapo ni chuma kwa chuma. Diski inachongeka, na badala ya kununua pedi tu, utanunua pedi na diski. Wazee walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gari nayo inakuambia, ikiwa una masikio nayo. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachopiga mlio mwembamba kama filimbi zinapokaribia kuisha. Mlio wa kukwaruza unamaanisha umechelewa. Pedali ikizama chini kuliko kawaida, gari ikivuta upande mmoja unapokanyaga, usukani ukitetemeka, au taa nyekundu ya breki ikiwaka kwenye dashibodi na hendibreki umeshaishusha, usingoje mwisho wa mwezi.

"Mama, kaa pale kwenye kiti"

Sasa nifike kwenye linaloniudhi. Mwanamke akifika gereji anapokewa kwa heshima zote. Anafutiwa kiti, anawekwa kivulini, analetewa soda. Anaambiwa, "Mama, wewe pumzika, tutakuita." Heshima hiyo naipenda, lakini mara nyingi inakaa kama pazia. Nyuma yake hujui kilichotolewa, kilichowekwa, wala kama kuna kilichowekwa kabisa.

Jirani yangu mmoja hapa Butimba, mwalimu, alilipia pedi za mbele za pande zote mbili. Wiki ile ile gari ikaanza kuvuta kushoto kila anapokanyaga. Tairi zilipofunguliwa kwa fundi mwingine, upande mmoja ulikuwa na pedi mpya na mwingine zile zile za zamani. Alikuwa na watoto watatu ndani ya gari hiyo kila asubuhi.

Sisemi mafundi wote ni wezi. Wapo wacha Mungu, na wengine wanafanya kazi juani siku nzima kwa malipo madogo. Lakini kumbukeni kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipoingiza mkono kwenye lundo la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Hakutazama juu tu. Akamkemea mwenye bidhaa kwa kuificha kasoro. Hilo linamgusa fundi, muuza spea na muuza gari. Linatugusa na sisi wateja pia, kwa sababu tunaona mkono wa mtu mwaminifu kuliko wote uliingia chini kukagua.

Na kwenye breki, "chini" ipo kweli. Ukichungulia kupitia matundu ya rimu unaiona pedi ya nje. Ya ndani huioni, na pengine ndiyo inayoisha haraka, hasa pini za kalipa zikikauka na kukwama. Anayekwambia "bado nzuri" bila kufungua tairi amekupa habari ya nusu.

Lipo jibu ninalolisikia kila mara: hiyo ni kazi ya mume. Nakubali kwamba mume anayejali usalama wa mkewe anafanya jambo kubwa, na kama wako anakagua gari mwenyewe, mshukuru. Lakini mume husafiri. Mume huumwa. Wapo wajane na walioachika ambao gari ndiyo mkate wao. Na siku breki zinapozama kwenye mteremko, mguu ulioko kwenye pedali ni wako, na watoto wa kiti cha nyuma ni wenu wote wawili. Dini yetu imeiweka hifadhi ya nafsi miongoni mwa mambo makubwa inayoyalinda, na sijaona mahali ilipoandikwa kuwa nafsi hiyo ailinde mwanamume peke yake.

Wengine wanaona aibu. Gereji ni ya wanaume, utasimamaje pale? Nenda na ndugu yako, mwanao au shoga yako. Nenda asubuhi, umejisitiri, simama panapoonekana. Hina haiharibiki kwa kutazama.

Ya kusimamia mbele ya macho yako

Si lazima ushike spana. Hakikisha tu haya:

1. Tairi zote mbili za ekseli hiyo zifunguliwe, na pedi zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja. Za zamani zote nne uonyeshwe, au uondoke nazo.

2. Gari isimame kwenye stendi imara, isiachwe juu ya jeki peke yake, na tairi zilizobaki chini ziwekewe mawe.

3. Kalipa isining'inizwe kwa mpira wake wa mafuta. Ifungwe kwa waya, mpira usije ukachanika ndani bila kuonekana.

4. Diski ipimwe. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe.

5. Grisi ya breki ipakwe kwenye pini na mgongoni mwa pedi tu. Ikigusa diski au uso wa pedi, breki hazishiki. Na fundi anayetaka kupiga msasa pedi iliyokwisha ili inyamaze, mwambie asante, kisha uende kwingine.

6. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ondoa watoto karibu, na mwenye mtoto wa kunyonya anawe kabla ya kumbeba.

7. Mafuta ya breki yaangaliwe. Yanavuta unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na mafuta yenye maji huchemka kwenye mteremko mrefu. Hapo pedali inakuwa laini na gari haisimami.

8. Kazi ikiisha, pedali ikanyagwe mara kadhaa gari ikiwa imesimama, mpaka iwe ngumu. Pistoni zilikuwa zimerudishwa nyuma, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unaweza kuzama mpaka chini. Watu wameingia ukutani kwa kusahau hili. Baada ya hapo, siku za mwanzo endesha taratibu na kanyaga kwa upole, ili pedi zizoeane na diski.

Na uulizie nyuma pia. Gari nyingi ndogo tunazoletewa zimetumika Japani, kama Toyota IST, zina diski mbele na ngoma nyuma. Ngoma nazo zina viatu vyake vinavyolika.

Kwa wenye arusi

Mnapokaa kikao cha arusi, huwa kuna kamati ya chakula, ya ukumbi na ya mapambo. Kamati ya usafiri kazi yake isiwe kuhesabu magari na kununua utepe tu. Kila gari itakayobeba watu ifunguliwe tairi wiki moja kabla. Linganisheni bei ya pedi za gari moja na bei ya maua yatakayofungwa kwenye bampa, halafu mwamue wenyewe kipi kipunguzwe.

Na wewe mzazi unayemzawadia binti gari, usimkabidhi ufunguo peke yake. Mkabidhi na fundi unayemwamini, na umfundishe kumhoji fundi huyo kwa adabu. Adabu na maswali vinakaa pamoja. Wanawake wa Madina walimuuliza Mtume (S.A.W.) mambo yao mazito bila kuoneana haya katika elimu, sembuse sisi kumuuliza fundi kuhusu pedi?

Dada yangu, Ijumaa hii kabla hujawasha gari, soma dua yako ya safari kama kawaida. Kisha kanyaga breki na usikilize. Ukisikia filimbi, usiongeze sauti ya kaswida. Nenda kafungue tairi.

Wabillahi tawfiq.