West Nile: Mbio za washambuliaji wa Arua zimekwamia wapi?

Msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu ya Uganda ulianza bila timu hata moja kutoka West Nile. Hali hiyo haikuwahi kutokea tangu Onduparaka FC ya Arua ilipopanda daraja mwaka 2016. Klabu hiyo ilishuka mwishoni mwa msimu wa 2022/23, na mwaka uliofuata jirani yake, Arua Hill SC, nayo ikaondoka baada ya kushindwa kufika kwenye baadhi ya mechi zake. Jiji lililokuwa na timu mbili katika ligi ya timu 16 likabaki mikono mitupu.

Tangu wakati huo, mazungumzo ya soka katika soko la Arua na kwenye vituo vya boda boda vya Koboko yamejaa lawama, na kwa kiasi kikubwa lawama hizo zimeelekezwa kwa watu wa aina moja: washambuliaji. Inasemwa kwamba timu za kanda hii zilisahau kukimbia. Mpira ulifika katikati ya uwanja, kiungo akainua kichwa, asione mtu anayechomoka nyuma ya mabeki, akaurudisha alikoutoa. Beki naye, akiona muda unayoyoma na mashabiki wanazomea, akaupiga juu, ukaishia mikononi mwa golikipa wa wageni. Mawinga, ambao zamani walikuwa fahari ya uwanja wa Greenlight, walisimama pembeni wakiomba mpira wa miguuni.

Onduparaka ilipewa jina la utani la Viwavi, na kiwavi, kwa hakika, hajulikani kwa mbio. Hata hivyo miaka ya mwanzo ya klabu hiyo katika ligi kuu ilikuwa miaka ya kasi. Timu iliyoanzishwa mwaka 2011 na kupanda daraja miaka mitano baadaye ilizipokea klabu kubwa za Kampala kwa kelele na msukumo ambao wageni wengi hawakuutegemea mbali hivyo na mji mkuu. Mfano bora wa kasi hiyo alikuwa Muhammad Shaban, mshambuliaji kijana aliyeitwa katika kikosi cha taifa, Uganda Cranes, kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Gabon mwezi Januari 2017. Uganda ilikuwa ikirejea katika fainali hizo baada ya miaka 39. Ilifungwa bao moja na Ghana, moja na Misri, kisha ikatoka sare ya bao moja na Mali. Matokeo hayo hayakuwa ya kushangilia, lakini kwa watu wa Arua jambo lililobaki kichwani ni jingine: mchezaji wa klabu yao alikuwa Gabon.

Mwaka huohuo wa 2017 Shaban alihamia KCCA ya Kampala. Mapema mwaka 2019 akavuka bahari ya mchanga hadi Raja Casablanca ya Morocco.

Hapo ndipo lawama za leo zinapoanza kupotea njia. Wanaouliza kwa nini washambuliaji hawakimbii wanauliza swali halali, lakini wanalielekeza kwa mtu wa mwisho katika mlolongo mrefu. Katika soka ya Kimarekani, ile inayochezwa na vyuo vikuu vya Marekani mbele ya watazamaji maelfu kwa maelfu, kuna mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kuukumbatia mpira na kukimbia nao. Timu yake ikishindwa kusonga mbele, yeye ndiye anayezomewa kwanza. Lakini wanaoujua mchezo huo huwatazama kwanza wanaume watano wenye miili mikubwa wanaosimama mbele yake, ambao karibu kamwe hawakimbii na mpira. Kazi yao ni kufungua njia. Wasipoifungua, hata mkimbiaji hodari atagonga ukuta hatua mbili tu baada ya kupokea mpira.

Soka ya West Nile haina wanaume watano wa namna hiyo, lakini ina ukuta.

Ukuta wa kwanza ni barabara. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, kupitia Nebbi, daraja la Mto Nile pale Pakwach, kisha Karuma. Sehemu kubwa ya klabu za ligi kuu ziko Kampala na wilaya ya Wakiso, au umbali mfupi kutoka hapo. Katika ligi ya timu 16 kila klabu hucheza mechi 15 za ugenini. Kwa klabu ya Kampala, nyingi kati ya hizo ni safari za saa moja au mbili, na mchezaji hulala nyumbani kwake. Kwa klabu ya Arua, kila mechi ya mji mkuu ni kama kilomita 1,000 kwenda na kurudi. Uongozi unaweza kupunguza mzigo huo kwa kubaki Kampala wiki nzima na kucheza mechi mbili mfululizo, lakini hapo nauli inageuka kuwa gharama ya hoteli na chakula cha watu zaidi ya 20.

Mzigo huu hauishii katika vitabu vya hesabu. Unaonekana uwanjani. Mshambuliaji aliyeketi ndani ya basi usiku kucha, magoti yakigusa kiti cha mbele, anaweza kutembea, anaweza kupiga pasi, anaweza hata kufunga penalti. Kitu kinachomtoka mapema ni mbio za ghafla, zile za mita 20 au 30 za kumwacha beki, tena zikirudiwa mara kumi na tano katika mchezo mmoja. Kocha mwenye busara, akilijua hilo, huwaambia wachezaji wake wakae nyuma na kuutunza mpira. Shabiki aliyeko Arua, akifuatilia kwa redio au televisheni, anaona woga. Pengine anachokiona ni uchovu uliopangiwa mbinu.

Ukuta wa pili ni fedha, na hapa inafaa kutazama kwa makini. Nguvu ya Onduparaka ilikuwa watu wake. Siku ya mechi Greenlight ilijaa, na viingilio vya mlangoni vilikuwa na uzito ambao klabu nyingi za Uganda, zinazocheza mbele ya viti vitupu, hazikuujua. Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Msimu wa 2019/20 ulikatizwa na Vipers ikatangazwa bingwa. Msimu wa 2020/21 nao ukaishia njiani, Express ikapewa taji, na mechi zake zilichezwa bila mashabiki. Klabu inayomilikiwa na taasisi ya serikali au na tajiri mmoja inaweza kuvumilia mwaka bila watazamaji. Klabu ya umma, inayoishi kwa noti na sarafu za mlangoni, haiwezi. Mkataba wa televisheni ambao Shirikisho la Soka la Uganda, FUFA, liliusaini na kampuni ya StarTimes mwaka 2018 ulikuwa wa zaidi ya dola milioni 7, lakini kwa muda wa miaka 10. Fedha hizo zikigawanywa kwa mwaka, kisha kwa klabu, kinachoifikia kila moja ni kidogo, na basi la kutoka Arua hulinywa fungu hilo haraka kuliko basi la kutoka Wakiso.

Arua Hill, maarufu kama Kongolo, ilijaribu njia nyingine. Ilipanda ligi kuu kwa msimu wa 2021/22 ikiwa na mmiliki mmoja, mhandisi Joel Aita, na mradi wa uwanja wa Barifa uliowapa wakazi wa jiji jipya matumaini makubwa. Arua ilikuwa imepandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, na timu ya pili ya ligi kuu ilionekana kama ushahidi wa hadhi hiyo. Kwa kitambo kidogo mashabiki walipata jambo la anasa: mechi ya watani wa jadi ambayo hakuna aliyelazimika kuvuka Nile kwenda kuitazama. Lakini klabu inayotegemea mfuko mmoja ina udhaifu wake, nao ni kwamba mfuko ukilegea hakuna cha kuushika. Timu ikashindwa kufika uwanjani, na kanuni za ligi hazina huruma kwa timu isiyofika.

Kwa hiyo njia mbili tofauti, ya umati na ya tajiri, ziliishia mahali pamoja. Hilo peke yake lingetosha kuonyesha kwamba tatizo haliko katika miguu ya vijana.

Kuna wanaopinga maelezo haya. Wanasema kila klabu ina shida zake, kwamba Kitara ya Hoima na Mbarara City nazo ziko mbali na Kampala, na kwamba wachezaji wa Arua walilegea baada ya kuonja umaarufu. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Mchezaji anayelipwa kwa kuchelewa hupunguza bidii, na si kila ulegevu ni njaa. Lakini Hoima iko takriban kilomita 200 kutoka Kampala na Mbarara chini ya 300. Tofauti kati ya kilomita 300 na 500 kwenye ramani ni vidole viwili. Kwa msafiri wa basi ni usiku mzima.

Tena West Nile inaijua vizuri hadithi ya miguu yake kwenda kusini. Enzi ya ukoloni kanda hii iliachwa makusudi kuwa ghala la nguvu kazi. Vijana wa Kilugbara, Kialur na Kikakwa walikwenda kukata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi, au waliandikishwa jeshini. Wengi wa waliokwenda jeshini walirudi na Kiswahili, lugha ya gwaride na amri, na hiyo ni sababu moja ya lugha hii kusikika hadi leo Koboko na Arua, ikichanganyika na Kinubi, Kilugbara na Kikakwa, huku majirani zao sehemu nyingine za Uganda wakiikwepa. Nguvu ilikwenda kusini. Kilichorudi kilikuwa mshahara mdogo na lugha. Mchezaji bora wa leo hufuata barabara ileile.

Koboko inalielewa hili kuliko Arua. Mji huo, ulioko kama kilomita 55 kaskazini ya Arua, karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini, haukuwa na klabu yake katika ligi kuu katika miaka ya Onduparaka na Arua Hill. Mashabiki wake walizichukua timu za Arua kuwa zao. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba iliwarahisishia kazi hiyo. Mtu aliweza kufunga duka mchana, kutazama mechi, na kurudi kwake jioni. Kushuka kwa Onduparaka na Arua Hill kuliwanyima Wakoboko kitu ambacho hawakukimiliki lakini walikitumia kila wiki, na madereva wa magari ya abiria, wauza karanga na wenye mikahawa kando ya barabara hiyo walipoteza siku yao nzuri ya biashara.

Vijana wa Koboko huanza kwenye viwanja vya shule, kama ilivyo kwingineko nchini. Shule za Uganda zilifungwa tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, kipindi kirefu kuliko karibu nchi yoyote duniani. Kijana aliyekuwa na miaka 15 shule zilipofungwa alikuwa na karibu 17 zilipofunguliwa, na miaka hiyo miwili ndiyo ambayo mchezaji hujifunza wakati wa kuanza kukimbia, jambo gumu zaidi kuliko kukimbia kwenyewe. Kizazi hicho ndicho kilichotakiwa kujaza nafasi za Onduparaka na Arua Hill zilipokuwa zikiyumba. Na wale waliojitokeza kuwa hodari waliendelea kuvutwa na shule kubwa za kusini zenye ufadhili kwa wanamichezo, kama vile St Mary's Kitende, iliyo jirani na klabu ya Vipers.

Kisheria, kuna njia ya kuirudishia kanda kama hii sehemu ya jasho lake. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya mchezaji anayeuzwa kimataifa kabla ya mkataba wake kwisha igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23, na tangu Novemba 2022 shirikisho hilo la dunia limekuwa na chombo maalumu cha kusimamia malipo hayo. Kwa klabu ya Arua, fungu moja la aina hiyo linaweza kulipa mabasi ya msimu mzima. Lakini mgawo hufuata kumbukumbu za usajili: jina, tarehe, na klabu ambayo mchezaji aliandikishwa nayo kila mwaka. Kijana wa Koboko aliyecheza miaka minne kwenye uwanja wa shule yake mara nyingi ana jina lake katika daftari la darasa na hana katika kumbukumbu za klabu yoyote, hadi siku anapopanda basi la Kampala na kuandikishwa huko.