Mke huyo ana jina lake
Ahsante sana mwandishi kwa kumkumbuka Niel Gow, mpiga fidla wa Scotland, ila hapo uliposema muziki wa maombolezo lazima uwe katika ngazi ya maina sikubaliani nawe. Wimbo wa maombolezo ambao Gow alimtungia mkewe wa pili, aliyefariki 1805, uko katika D meja, ngazi ambayo Waskoti hupigia ngoma zao nyingi za kuchezea, na bado unatoa machozi. Mwanafunzi wangu mmoja wa fidla aliugeuza kuwa maina akidhani utanoga zaidi, ladha yote ikapotea. Uacheni uzi wa D uvume wazi, upinde uende taratibu, mtasikia wenyewe. Na nyinyi wenzangu hapo juu mnaobishana kuhusu wake wenza, hapana jamani, Gow alikuwa mgane alipomuoa! Anaitwa Margaret Urquhart, mtu wa Perth ya Scotland, na waliishi pamoja zaidi ya miaka 30. Mzee alikuwa anakaribia miaka 80 alipofiwa, na 1807 naye akafariki kwao Inver. Kwenye kichwa cha wimbo limetajwa jina la mume tu, na hilo linaniuma. Mnaoupiga jukwaani, tafadhali mtajeni Margaret kabla hamjaanza.