Maji Mazito ya Ruiru Si Kisirani

Liko neno moja ambalo vijana wetu wa Pwani walioko huku Thika na Ruiru wamelizoea mno, nami sipendezwi nalo. Neno lenyewe ni kisirani. Kijana huingia bwawani Jumamosi asubuhi, akaenda na kurudi mara tatu, akaona mikono haivuti na pumzi imekwisha. Hutoka akajifuta, akasema leo ana kisirani, akaenda zake kunywa chai. Juma la pili ni vivyo hivyo. Juma la tatu humwoni tena, na ukikutana naye kituo cha matatu ukamwuliza, hukwambia kuogelea bwawani si mambo yake, yeye ni mtu wa bahari.

Sina ugomvi na mtu wa bahari, maana nami ni miongoni mwao. Nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na kuogelea nilijifunza kule nyuma ya Ngomeni kama watoto wengine wa mtaa. Miaka kadhaa sasa kazi yangu iko Thika, na mazoezi nafanyia Ruiru, katika bwawa moja ambalo maji yake hayapashwi moto. Siku nzito nimezipata nyingi. Lakini siku nzito ina sababu zake, na mtu akizijua hatakuwa na haja ya kutafuta jicho la hasidi.

Tuanze na maji yenyewe. Lita 1 ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na chumvi hiyo ndiyo inayompa mwogeleaji wa Pwani mto wa bure wa kulalia. Maji matamu ya bwawa hayana mto huo. Kiuno na miguu huzama kidogo, na mguu uliozama ni nanga. Mikono itavuta, mwili usitake kwenda. Kisha kuna pumzi. Thika na Ruiru ziko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa imepungua nguvu kwa kiasi cha sehemu 16 katika 100 ukiilinganisha na ya Mombasa. Mwili huzoea, ila hauzoei kwa siku mbili; huchukua majuma. Na baridi je? Bahari yetu hata mwezi wa Agosti hukaa karibu na nyuzi 25, bali bwawa la Ruiru asubuhi ya Julai, mawingu yametanda na manyunyu yanaanguka, humkaza mtu kifua kabla hajapiga mkono wa kwanza. Ongeza hapo usingizi wa saa nne, na mwanafunzi ambaye tangu jana anaishi kwa chai na mandazi, ndipo utashangaa kwamba ziko siku anaogelea vizuri.

Kijana mmoja wa Faza, anayesoma chuo hapa Thika, alinijia ukingoni akitweta. "Ami," akaniambia, "maji ya huku ni mazito." Nikamjibu, "Mwanangu, maji ya huku ni mepesi kuliko ya kwenu. Mzito ni wewe." Alicheka, lakini ndiyo kweli yenyewe. Maji ya chumvi ndiyo mazito, na kwa uzito wao humbeba mtu. Haya mepesi humwachia ajibebe.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa Pwani tungepaswa kuwa wa mwisho kushindwa na siku kama hizi. Maji yakija hupwa, na sijamwona mvuvi aliyeona haya kwa sababu ya maji mafu. Kusi ikikaza, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba. Je, mvuvi hulala? Hasha. Hukaa ufuoni akashona nyavu, akatia kalafati, akatazama tanga limechanika wapi. Kusi ikipoa, chombo ki tayari.

Basi siku ambayo mwili umekataa, rai yangu ni kwamba mtu asirudi nyumbani, wala asijitie ushujaa. Mimi huogelea mita 200 polepole kabla ya kuamua lolote, kwa kuwa mara nyingi uzito wa mwanzo ni baridi tu, nao huondoka. Ukikataa kuondoka, huisahau saa ya ukutani nikahesabu mikono. Bwawa la mita 25 mimi hulivuka kwa mikono 20 siku njema, na siku nzito kwa 24 au 25. Mikono hiyo minne au mitano iliyozidi ndiyo habari yote. Aghalabu kiwiko kimeanguka, au kichwa kimeinuka kutafuta pumzi na miguu ikashuka. Hapo hugeuka chali, ambako pumzi haina bei, kisha huogelea kwa mkono mmoja mmoja, ule mwingine umenyooshwa mbele, mpaka kiwiko kirudi mahali pake. Mita 600 za kazi hiyo zinatosha kabisa. Nikipata kuvuka mara moja kwa mikono 21, hutoka wakati huohuo, kabla mwili haujasahau.

Wako walimu wa mazoezi ambao dawa yao ni moja: ukichelewa, ongeza mizunguko. Sikubaliani nao. Mwili uliochoka ukilazimishwa kwenda mbio hujifunza kuogelea vibaya, na hujifunza kwa ufasaha, maana somo limerudiwa mara 40.

Mtu atasema haya ni maneno ya wazee wanaoogelea kwa ajili ya afya, na kwamba mashujaa hawana siku nzito. Na tumtazame Jason Dunford, Mkenya mzaliwa wa Nairobi. Agosti 2008, katika mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo kwenye Olimpiki ya Beijing, aliandika rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14. Rekodi haikulala, jioni ileile Mserbia Milorad Čavić aliivunja. Siku mbili baadaye, katika fainali, Dunford alimaliza wa 5, kwa muda mrefu kidogo kuliko ule wa mchujo. Mtu ni yuleyule, bwawa ni lilelile, na hapana aliyesema amelogwa. Mwaka 2010 huko Delhi, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika kuogelea kwenye michezo hiyo. Na wale wanaodhani mabwawa hayakuumbiwa watu wetu, wakumbuke kwamba Rio mwaka 2016 Hamdan Bayusuf, jina lisilo geni Mombasa, aliogelea mita 100 chali chini ya bendera ya Kenya.

Kuna siku, hata hivyo, ambayo si ya kuhesabu mikono. Wengi wetu huenda Pwani kwa Idi au kwa arusi, kisha tukarejea Thika. Mtu akirudi kutoka Kwale au Kilifi, na baada ya juma moja au mawili akahisi viungo vizito, kichwa kinagonga na mwili una joto, hiyo si siku nzito ya bwawani. Huenda ni malaria, na pa kwenda ni zahanati akapimwe damu, tena amwambie daktari alikotoka, maana huku juu malaria si jambo la kwanza wanalolifikiria. Na jingine linanitia hofu zaidi. Kijana aliyeona haya bwawani hutaka kujithibitishia mahali pengine. Utamsikia yeye na wenzake wanakwenda Mto Chania, karibu na maporomoko, au kwenye mashimo ya machimbo ya mawe upande wa Juja yaliyojaa maji ya mvua. Mto ule una mawe yasiyoonekana na maji yanayovuta chini. Shimo la machimbo lina kuta zilizosimama wima, mtu akichoka hana pa kushika. Kwenda huko siku ambayo mwili umeshakwambia hauwezi ni kuwatafutia wazazi msiba.

Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu yake. Wako wanaoacha maji mwezi mzima kwa kuchelea kumeza, na hilo ni jambo la mtu na shehe wake. Aendeleaye, ajue kwamba siku zote 30 atakuwa mzito, kwa kiu na kwa usingizi uliokatwa na daku, na asipime muda wake hata siku moja. Jua la huku huchwa karibu na saa 12:30 jioni. Aliye na nafasi aingie nusu saa kabla ya futari, afanye ile kazi ya mikono na chali, atoke. Mbio zingoje Shawwal.

Lakini wanaoumia zaidi kwa siku nzito ni dada zetu. Mwanamume akishindwa Jumamosi ana Jumapili, ana na Jumatatu. Dada yetu wa Kiislamu aliyeko Ruiru, anayetaka kuogelea kwa stara mbele ya wanawake wenzake tu, akibahatika hupata bwawa linalotenga saa moja kwa juma. Siku hiyo mwili ukikataa, juma zima limekwenda, na likifuata jingine la namna hiyo basi ni nusu mwezi. Namfahamu mama mmoja, mwalimu wa shule, aliyelipa kiingilio mara tatu mfululizo akatoka kila mara anatetemeka kwa baridi, na mara ya nne hakuja. Hakushindwa na maji. Alishindwa na ratiba. Wenye mabwawa huniambia kwamba wanawake ni wachache, saa ya pili haitalipa. Wachache watazidije ikiwa kila anayepata siku nzito hana pa kurudi kesho? Saa hiyo ya pili iwe Jumatano mchana, jua likiwa kali na maji yamepata joto, wakati ambao mabwawa mengi ya huku hukaa matupu na mlinzi wa maji amekaa bure chini ya mwembe akisoma gazeti.