Mutoto anauzwa Ulaya, ekipe yake ya kwanza haipate kitu

Chukua mfano huu. Mutoto anaanza mupira katika ekipe ya mutaa, Goma, Bukavu ao Bunia, akiwa na miaka 13. Anacheza pale misimu 5, mpaka ule wa miaka 17. Kisha anapita Lubumbashi, anavuka Ulaya, na siku moja klabu ya kule inamuuzisha kwa klabu ya inchi ingine dola milioni 2.

Kwa sheria ya FIFA, asilimia 5 ya pesa hiyo inagawanywa kati ya ekipe zote zilizomulea muchezaji tangu miaka 12 mpaka 23. Kila musimu wa miaka 12 mpaka 15 unahesabiwa asilimia 0,25 ya bei, na kila musimu wa kuanzia 16 unahesabiwa asilimia 0,5. Ukipiga hesabu, ile ekipe ya mutaa inastahili dola 35 000. Ni ekipe ambayo leo inachangisha wazazi franga ya kununua mipira mbili.

Lakini pesa hiyo haifuate mutu mwenye kusema "huyu nilimulea mimi." Inafuata karatasi. Tangu Novemba 2022, FIFA iko na biro ya Clearing House kule Paris, yenye kupokea hizi pesa na kuzigawa. Mashini inakusanya safari yote ya muchezaji: aliandikwa wapi, tangu tarehe gani mpaka tarehe gani. Kama jina la mutoto lilibaki katika kayee ya kocha, halikufika kwa Entente ya muji, wala kwa ligi, wala kwa FECOFA, ile misimu 5 inaonekana kama shimo. Tena ekipe inapaswa kuwa na konti ya benki kwa jina lake yenyewe, si kwa jina la prezidenti. Kwa Goma, pahali benki zilifunga milango mwanzo wa 2025, hilo peke yake ni mulima.

Kuchunga mambo haya ni kazi, na kazi hiyo inasomewa. Inaitwa usimamizi wa michezo. Wazo lilitoka kwa Walter O'Malley, mwenye ekipe ya baseball ya Dodgers kule Marekani, aliyemuuliza profesa James Mason ni wapi watu watajifunza kuendesha ekipe, uwanja na tiketi. Chuo Kikuu cha Ohio kikafungua masomo hayo mwaka wa 1966. Ulaya, FIFA Master ilianza mwaka wa 2000: wanafunzi wanasoma historia, usimamizi na sheria, wakipita Leicester, Milano na Neuchâtel. Karibu yetu kidogo, na kwa Kifaransa, kuko masomo ya Chuo Kikuu Cheikh Anta Diop cha Dakar pamoja na CIES ya Neuchâtel. Karibu, ni kusema tu. Kwa kijana wa Beni, Dakar ni ndege na ni bei.

Wengi watajibu kwamba shida ni pesa, si masomo. Ni kweli nusu. Ekipe ya mashariki yenye kwenda kucheza Kinshasa inapaswa kupanda ndege, kwa sababu barabara hakuna, na tiketi za wachezaji 20 zinamaliza kasha. Lakini hata mwenye pesa anaanguka kwa karatasi. TP Mazembe ya Moïse Katumbi ilibeba kombe la mabingwa wa Afrika 2009 na 2010, ikafika finali ya dunia mbele ya Inter Milan. Mwaka wa 2011 ikapiga Simba ya Dar es Salaam uwanjani. Simba wakaenda kuangalia makaratasi ya Janvier Besala Bokungu, aliyetoka Espérance ya Tunis, wakalalamika kwa CAF. Mazembe ikatolewa. Bingwa wa Afrika, na hakuna aliyemushinda kwa mupira.

Kama Mazembe inaweza kuanguka hivyo, ekipe ndogo je? Kwa nyingi, sekretere ni mutu wa kujitolea, na dosie zote ziko kwa nyumba ya prezidenti. Prezidenti akihama ao akikasirika, ekipe inabaki bila historia. Vita nayo imeongeza: familia zilizokimbia Masisi na Rutshuru zilifika bila cheti cha kuzaliwa, na watoto wao wanacheza kila jioni bila kuandikwa popote. Kisha kuna ile mambo ya kupunguza miaka, kila mutu anajua, hakuna mwenye kusema. Siku tarehe mbili za kuzaliwa zinapingana, inaanza ankete, na pesa inangojea.

Kazi ya kwanza ya musimamizi haiombe diploma ya Dakar. Inaomba rejista moja: jina, cheti cha etat civil, siku mutoto aliingia, siku alitoka, na lisansi ya kila musimu yenye kashe ya Entente. Inaomba pia mutu mumoja wa kurudi Entente kuuliza kama jina lilipanda kweli mpaka federasio, maana hapo ndipo mengi yanapotelea. Na kopi mbili: moja kwa sekretere, ingine kwa muzazi, juu nyumba inaweza kuungua ao watu wakakimbia usiku.